Kiti cha Magloire Karibu na Dirisha

"Mwalimu, kiti ya muntu inamungojaka mpaka wakati gani?"

Shekinah aliuliza hivyo mlangoni mwa darasa la tano, mwezi wa tatu wa ule mwaka wa korona, wenzake wote wamekwisha kutawanyika barabarani. Mwalimu Albert alikuwa na kadena, kufuli la mlango, mkononi, anahangaika na ufunguo kama mtu ambaye hajawahi kufunga mlango ule. Radiyo ilikuwa imesema masomo yote ya inchi, shule kubwa na ndogo, yafungwe. Direkteri alikuwa amekwenda Goma kufuata mambo ya ofisi, akakwama huko, basi ufunguo ulibaki kwa Albert, na mzigo wa maswali pia ukabaki kwake.

Alimtazama yule mtoto, akasema tu, "Rudia nyumbani, mama. Usimupe muntu mukono njiani."

Halikuwa jibu, na wote wawili walijua.

Mtu asiyekaa Kashebere atajiuliza ni kiti gani hicho cha kungoja. Masomo yao ni nyumba ya mbao kando ya barabara inayotoka Masisi kwenda Walikale, na madawati hayakuwahi kutosha. Kwa hiyo mtoto anayeanza la kwanza huja na kiti chake kichwani, kigoda cha miguu mitatu alichochongewa na baba, ao mjomba, ao jirani yeyote mwenye mkono mzuri. Kiti kinakaa darasani miaka sita, kinahama naye kutoka chumba hadi chumba. Siku anapomaliza la sita, anakibeba kichwani miguu ikitazama juu, anapita nacho kijiji kizima huku wamama wakipiga vigelegele, na nyumbani kinaoshwa kwa maji ya moto apewe mdogo wake. Lakini kiti kikitolewa katikati ya mwaka, kimeshikwa mkononi tu kama mtu anavyobeba kuku, hakuna haja ya kuuliza. Yule mtoto ameacha.

Ndiyo maana siku ile watoto walipoanza kuinua viti vyao, Albert aliwazuia. "Muache. Ni siku kidogo tu." Kumwacha mtoto atoke na kiti aliona ni kama kumfukuza. Yeye mwenyewe, alipokuwa la nne kule kwenye milima ya Masisi, vita vilifunga masomo yao, na waliporudi alikuta kiti chake kimekuwa makaa ya watu waliolala mle. Alimaliza la sita amekaa juu ya jiwe. Alikuwa anawasimulia watoto habari ya lile jiwe kwa mzaha, akijishika nyuma na kukunja uso, nao wanacheka mpaka machozi. Mke wake Adelaïde tu ndiye aliyejua kwamba haikuwa hadithi ya kuchekesha.

Kiti kilichokuwa karibu na dirisha kilikuwa cha Magloire. Baba yake alikichonga mwaka ule ule aliouawa na mti porini, wakati wa kupasua mbao. Kwa msumari wa moto alikuwa amekizungushia nukta nyeusi pembeni, na katikati alitoboa tundu la kupitisha kamba, ili mtoto akibebe mgongoni mvua ikinyesha. Magloire alilelewa na shangazi yake, Mama Emérence, muuzaji wa ndizi pale barabarani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, na kichwa chake kilikuwa kitu cha kushangaza. Ukiandika hesabu ya kugawanya kwenye tablo, wenzake bado wanatafuta kalamu, yeye anatazama nje, anataja jibu kama mtu anayesoma kwenye mawingu. Albert hakuwa amewahi kupata mwanafunzi wa namna ile. Alijiapia moyoni kwamba huyu atabeba kiti chake kichwani hata mbingu ianguke.

Siku kidogo zikawa miezi.

Mwanzoni Magloire alikuja nyumbani kwa mwalimu kila asubuhi na kitabu chake kilichoota manyoya pembeni. Adelaïde alikuwa na kifua kibovu tangu homa ya zamani, akipanda kilima kidogo tu anasimama kushika kiuno, na kila aliyesikia habari za ugonjwa ule alimwangalia yeye kwanza. Kwa hiyo Albert hakumruhusu mtoto kupita ua. Magloire alikaa chini ng'ambo ya njia, mwalimu akasimama ndani ya ua, wakafundishana kwa kupaza sauti.

"Mia moja na saba, kugawanya na kumi na saba!" mwalimu anapiga kelele.

"Inabakia tano!" mtoto anajibu.

Watu wakipita na mizigo yao wanacheka. "Mwalimu, unagombana na nani?" Mama mmoja mwenye kikapu cha majani ya muhogo akasimama akasema, "Muache mutoto wa wenyewe, kama alikuibia ndizi sema tulipe." Hata Adelaïde, aliyekuwa akichambua maharagi mlangoni, alicheka mpaka akakohoa.

Lakini watoto wengine walisikia, wakaanza kuja nao. Wakakaa ng'ambo ya njia wamebanana bega kwa bega, kashne za kufunika pua zimeshuka kidevuni. Ndipo Papa Déo alipokuja. Papa Déo alikuwa mkubwa wa komite ya wazazi, mtu mpole, asiyependa kugombana. Mdogo wake alikuwa amekufa Goma, mwezi wa tano, kwa kukosa pumzi. Walimzika watu waliovaa nguo nyeupe kutoka juu mpaka chini, hakuna aliyemuosha, hakuna aliyemlilia karibu. Papa Déo hakufika hata makaburini, kwa sababu njia ilikuwa imefungwa.

"Mwalimu," alisema, amesimama mbali, "nakuomba kama ndugu. Usinirudishie ile kitu huku."

Albert aliwarudisha watoto nyumbani. Magloire aliondoka wa mwisho. Alifuta vumbi kwenye kitabu kwa kiganja, akasema, "Bien, Mwalimu," na njia ikabaki tupu.

Mwezi wa nane radiyo ikasema tena: watoto wa la sita peke yao wanaweza kurudi, wakae mbali mbali, wajitayarishe kwa mtihani wa serikali. Wa chini yao wangoje. Wazazi wakakutana uwanjani mbele ya masomo, kila mtu na jiwe lake la kukalia, maana viti vilikuwa ndani. Mama Emérence hakukaa. Alisimama na kitenge chake cha kazi, mikono ina utomvu wa ndizi.

"Mimi niko na neno moja," alisema. "Wakati la sita watarudia, mumuache Magloire akae nyuma yao. Ile kalasi iko na nafasi. Hata mtihani anaweza kushinda, Mwalimu anajua."

Papa Déo akatikisa kichwa. "Mama, amri inasema la sita. Ukiingiza mumoja, kesho iko kumi. Batoto wanarudia nyumbani na ugonjwa ku mikono, wanashika bakoko, bazee wao."

"Papa Déo, siku ya soko tunajazana pale kama maharagi ndani ya gunia, korona haituoni? Ao inajuaka tu njia ya masomo?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja wa nyuma akaongeza, "Labda iko na kalendari." Wakacheka zaidi.

Papa Déo hakucheka. "Soko ni chakula," alisema polepole. "Muntu akikosa soko anakufa wiki hii. Masomo inaweza kungoja. Hamukuona namna walimufunga mudogo wangu na plastiki. Mungeona, hamungecheka."

Wote wakageuka kumtazama Albert, kwa sababu ufunguo ulikuwa kwake.

Albert alikuwa amekaa juu ya jiwe, kama zamani. Alimfikiria Adelaïde anavyolala amekaa kitandani ili apate hewa. Alimfikiria yule mdogo wa Papa Déo. Akafikiria pia watu wa ofisi ambao wangesikia kwamba mwalimu wa Kashebere ameingiza mtoto asiyestahili. Mwisho alisema kitu ambacho usiku na mchana baadaye kilikuwa kinarudi kinywani mwake kama chakula kisichoshuka.

"Mama Emérence, uvumilie. Ni miezi mbili tu ndiyo imebakia. Kiti yake iko mule. Nilifunga na kadena, haiendi fasi yoyote."

Mama Emérence alijifuta utomvu kwenye kitenge. "Mwalimu," alisema, "mimi siulizi kiti."

Akachukua beseni lake la ndizi akaenda zake barabarani.

Kijana wa miaka kumi na miwili asiye na masomo, Kashebere, barabara inamwita kwa jina. Pikipiki zinapita kutoka Mubi zimepakia vijana wenye matope mekundu mpaka kwenye nyusi, wanacheka, wana redio ndogo shingoni. Wanasema huko porini, njia ya kwenda Bisie na mbali zaidi, bado kuna mashimo madogo madogo ya madini ambako mtu mwembamba anaingia kirahisi na kutoka na mawe mazito. Mtu mwembamba alikuwa Magloire. Mtoto wa shangazi yake mwingine alipita siku moja ya mwezi wa tisa, akamkalisha nyuma ya pikipiki, na Mama Emérence aliporudi kutoka shambani alikuta kitabu kiko juu ya kitanda kimefunikwa vizuri na shati la masomo.

Hakumlaumu Albert. Alikuja tu mpaka kwenye ua, akasimama pale pale ng'ambo ya njia mtoto alipokuwa akikaa. "Amekwenda," alisema. Adelaïde akamletea maji, wakanywa.

Mwezi wa kumi masomo yalifunguliwa kwa wote. Albert aliingia wa kwanza. Darasa lilinuka panya na mvua ya zamani, buibui walikuwa wamefunga viti vyote kwa nyuzi kama watu wanaofunga mzigo. Watoto waliingia wakikimbia, kila mmoja akakirukia chake, wengine wakakuta magoti yamepanda kidogo wakachekana. Saa sita walipokwenda nyumbani, Albert aliona vile ambavyo havikuguswa. Wasichana wawili walikuwa wameolewa. Mmoja alikuwa amehamia kwa wajomba. Siku zilizofuata wazazi walikuja mmoja mmoja, hawatazami juu, wakaondoka na viti mkononi, kama kuku.

Mama Emérence hakuja. Albert alipompelekea habari, alijibu akiwa anahesabu ndizi: "Mimi sitatwaa. Ni yake. Akuje kutwaa mwenyewe."

Basi Albert akakipitishia kamba kwenye lile tundu, akakitundika kwenye msumari karibu na dirisha.

Mwezi wa kumi na mbili, mwanzoni, alipanda pikipiki mpaka Mubi. Hakumwambia mtu isipokuwa Adelaïde. Mubi ni mji wa njia ya porini, maduka, malori yaliyozama matope mpaka mlangoni, na kelele za pikipiki zisizolala. Aliuliza, akaonyeshwa, akamkuta kijana akishusha gunia mgongoni, mkanda wa gome la mti umemkata alama kwenye paji la uso. Alikuwa amerefuka. Alipomwona mwalimu alificha mikono nyuma, kama siku zile alipokuwa na wino.

"Inabakia ngapi?" Albert aliuliza, kwa sababu hakujua aanze na nini.

Magloire akatabasamu. "Haujasema kugawanya nini, Mwalimu."

Walikula mikate miwili na chai kwa mama mmoja wa barabarani. Albert hakumgombeza. Alimwambia kwamba darasa limefunguliwa, kwamba kiti kiko ukutani, kwamba Shekinah anakaa karibu na dirisha sasa na anashindwa kugawanya na kumi na saba. Magloire alisikiliza kwa kichwa kilichoinama. Mwisho alisema, "Nimalize kazi ya huyu boss. Kisha Bonane, mwaka mupya, nitarudia. Kweli." Albert alirudi Kashebere akiimba nyuma ya pikipiki, mvua inamnyeshea usoni, na dereva akafikiri amekunywa.

Kabla ya Noeli, radiyo ikasema korona imerudi na nguvu. Masomo yafungwe tena.

Na Magloire alikuja. Hilo ndilo linalouma watu wa pale wakilizungumza. Alikuja kweli, mwezi wa kwanza, na mfuko wa plastiki wenye nguo zake na kalamu mpya. Albert alikuwa anapalilia maharagi nyuma ya masomo alipoona mtu amesimama mbele ya mlango wa la tano. Alitupa jembe akakimbia. Alipofika, kijana alikuwa ameishika kadena, anaitazama kama mtu anayepima uzito wa jiwe.

"Wamefunga tena," Albert alisema. Pumzi ilikuwa haitoshi. "Haitakawia. Ukae kwa shangazi, ungoje kidogo."

Magloire aliweka jicho kwenye ufa wa mbao. "Iko?"

"Iko. Karibu na dirisha."

Alichungulia muda. Kisha akacheka, kicheko kidogo cha mtu mzima, akasema, "Bien, Mwalimu." Alilala kwa shangazi yake siku chache, akamchotea maji, akamtengenezea paa. Halafu pikipiki ya Mubi ikapita.

Adelaïde hakuugua mwaka ule, wala uliofuata. Kifua chake kiko vile vile mpaka leo. Albert anamtazama jioni akisonga bugali, na hawezi kusema kama ni ile kadena iliyomwokoa ama Mungu tu. Papa Déo anasema ni kadena. Mama Emérence, akiulizwa, anaendelea kuhesabu ndizi zake. Wanapitana kanisani, wanasalimiana vizuri.

Miaka ikaenda. Kisha vita vya Masisi vikasukuma watu wengi kwenye barabara ile, na madarasa yakajaa familia zenye magodoro na mbuzi. Mvua ilinyesha, kuni zilikuwa mbichi. Albert alikuta mama mmoja ameshusha kiti kutoka ukutani, panga liko mkononi, mtoto wake anatetemeka kando ya majiko baridi.

"Hii iko ya nani, Papa? Hakuna muntu anaikalia," mama yule alisema.

Albert alikwenda nyumbani kwake akabomoa upande mmoja wa ua wake, ule ule wa masomo ya kelele, akamletea zile mbao. Kiti akakipeleka chini ya kitanda chake. Watu walipoondoka, akakirudisha kwenye msumari.

Magloire alirudi mwaka huu, wakati wa jua. Shekinah alikuwepo, siku hizi anasoma ualimu kwenye sekondari, na siku asizokuwa na masomo anamsaidia Albert, ambaye sasa anafundisha la kwanza katika chumba kile kile, kuwashika wadogo. Pikipiki ilisimama nje, akaingia mwanamume mwenye koti la ngozi, akainama mlangoni ili asigonge kichwa. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikuwepo. Watoto wadogo walisimama wote. Mmoja wa mbele akasema kwa heshima, "Karibu, Papa. Unatafuta nani?"

Yule kijana wa miaka kumi na saba alimtazama mtoto, akamtazama mwalimu. "Hii kalasi ilikuwaka kidogo hivi?"

Albert alikwenda dirishani akakishusha kiti, akakifuta kwa shati lake, akakiweka katikati ya darasa. Magloire akakaa. Magoti yalimpanda mpaka karibu na kidevu, na watoto wakaangua kicheko, naye akacheka nao, akijishika nyuma na kukunja uso kama mwalimu alivyokuwa akifanya kwenye hadithi ya jiwe. Kisha akaanza kuzihesabu zile nukta nyeusi kwa kidole, moja moja, akizungusha.

"Niko na mutoto," alisema bila kuinua macho. "Mwanamuke. Hajatembea bado. Nilisema nimuletee."

"Ni yako," Albert alisema. Akakiinua, akakigeuza miguu juu, akataka kumwekea kichwani. Watoto wakubwa waliokuwa wakichungulia dirishani walifungua midomo tayari kwa vigelegele.

Magloire alimshika mkono polepole, akaushusha. "Apana, Mwalimu. Sikumalizaka."

Akakichukua kwa mkono wenye vidole vitatu, akatoka nacho. Nje alikifunga nyuma ya pikipiki kwa kamba ya mpira. Alijaribu kukilaza, kikakataa, akakigeuza. Mwisho kilikaa vizuri miguu ikitazama juu. Hakuliona hilo. Albert na Shekinah waliliona, wakasimama barabarani mpaka vumbi likatua.

Shekinah ndiye aliyesema kwanza. "Mwalimu, siku ile ya kadena nilikuuliza neno. Haukunijibu."

"Najua."

"Nilikuuliza kiti ya muntu inamungojaka mpaka wakati gani."

Albert alikuwa bado anatazama upande wa Mubi. Msumari alikuwa ameushika mkononi, bila kujua aliung'oa saa ngapi.

"Kiti ilingoja, mama," alisema. "Magoti yake ndiyo haikungoja."